Dakika Arobaini hadi Tanga

Msambweni, Jumatatu, 6 Mei 1957

Nimemwosha Mwanaidi, nimemnyonyesha, nimeanika nepi chini ya upenu. Mvua haikatiki. Ana miezi mitano na maziwa yangu bado yanamwagika.

Saa nne mume wangu Bakari amerudi na telegramu ya shemeji Omari, Tanga: MISHI MGONJWA HANA MAZIWA MTOTO ATAPIKA NJOO. Mdogo wangu. Mtoto ana siku nne tu. Njia ya Lungalunga imekatwa na mto, gari halipiti.

Imebaki ndege. Bakari amesema kutoka Mombasa ni maili themanini, dakika arobaini basi. Mama mkwe hataki. "Masikio ya mtoto yatapasuka huko juu." Nimefunga kanga zangu.

Jumanne, 7 Mei

Tanga iko kusini, sisi twaenda kaskazini. Lori limenasa topeni Waa, saa tatu nzima. Kivukoni Likoni foleni ndefu. Tumefika Mombasa jua likizama, kwa shangazi yake Bakari. Ndege ni kesho asubuhi.

Naogopa. Si ndege. Kuchelewa.

Jumatano, 8 Mei

Kiti kilikuwa kimoja, Bakari amebaki. Karani aliniambia nimnyonyeshe Mwanaidi ndege ikipanda, masikio yasimuume. Hakulia hata kidogo.

Baada ya muda nimeona minazi chini, na Msambweni. Siku mbili za safari ili nipite juu ya paa langu mwenyewe.

Kisha mawingu. Tumeizunguka Tanga mara tatu, ardhi haikuonekana. Rubani amegeuza, tumerudi Mombasa. Nimelia mbele za watu, sikujali.

"Kesho tutakwenda?" nimemwuliza karani.

"Inshallah, mama. Uwanja ukionekana."

Kwa shangazi nimekamua maziwa yakamwagika sakafuni bafuni. Yalikuwa yananiuma. Yule mtoto hana hata tone. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 9 Mei

Tumetua. Dakika thelathini na nane. Shemeji alisimama uwanjani, macho mekundu.

"Wako hai wote wawili," amesema. "Twende upesi."

Mishi anaungua kwa homa, hakunitambua. Mtoto amekonda, ngozi imekunjamana. Hana nguvu ya kulia. Nimempa titi, hakulishika. Tena. Tena. Nikawa namdondoshea midomoni, tone kwa tone. Shemeji alikwenda nje, hakuweza kutazama.

Saa nane mchana amelishika. Mgongo uliniwasha, sikuthubutu kujikuna.

Jumapili, 12 Mei

Homa imeshuka. Mishi amekunywa uji wa mchele, bakuli zima.

Mwanawe ananyonya kushoto, Mwanaidi kulia. Mishi ametutazama.

"Sasa hawa ni ndugu wa kunyonya, dada. Nami nilitaka waoane."

Nimemwambia amtafutie mwanawe mchumba mwingine. Amecheka, kidogo, kisha akalala.