Mbuzi wa Nzomo

Kasikeu,
13 Agosti 1976

Dada yangu Syokau,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Huko Migwani mmeamkaje? Kifua cha mtoto kimepona? Sisi tu wazima, ila mvua imetutoroka tena na mama analalamika mgongo. Barua hii nimempa binamu yetu Kaluki akutie mkononi, shemeji asiione.

Dada, keti kwanza. Jumamosi iliyopita watu wa Nzomo, yule mwenye duka Nunguni, walileta mbuzi wa ntheo. Unajua mwenyewe: mmoja akishachinjwa wazee wakala, msichana ni mke wa mtu, awe amefurahi au amenuna. Baba aliwafunga zizini, akasema watachinjwa Jumamosi hii. Nzomo si mtu mbaya, hata kwaya anaimba, lakini alimwambia baba wazi kwamba mke wake hatafundisha shule. Mimi sikuulizwa neno.

Jumatano nilifundisha Kiingereza darasa la saba, na neno lilikuwa "yoke". Niliwaeleza kwamba ni nira, ule mti tunaowafunga ng'ombe wawili shingoni wakilima. Hilo walilijua kunishinda. Nikaongeza kwamba neno hilo husemwa pia kwa mambo yasiyoshikika, chochote kinachomfunga mtu asiweze kugeuka. Mfano wa ndoa ulinitoka mdomoni kabla sijafikiri.

Sasa nikwambie nilichofanya. Jana, baba akiwa shambani, niliwaswaga mbuzi wote watatu hadi Nunguni, mchana kweupe, watu wakisimama kunishangaa. Kamba nilimkabidhi mama yake Nzomo. Alinitukana mpaka akalia, nami nikalia, nikarudi.

Nilimkuta baba mlangoni na fimbo. Nilimwambia yote. Mama akatoka jikoni akasimama katikati yetu. Ndipo baba akauliza jambo moja tu: kama wewe nawe ungewarudisha mbuzi wako, lau ungethubutu.

Nisamehe, dada. Yale uliyonionyesha mgongoni mwako wakati wa Pasaka, ukanikataza kuyasema, nimeyasema.

Baba aliitupa fimbo uani. Amenituma nikwambie uje na watoto, na mali ya watu wa Migwani ataitafuta yeye mwenyewe airudishe. Kaluki atakungoja sokoni mpaka Jumatatu.

Wabusu watoto. Mama anakusalimu, na leo amekifagia chumba chetu.

Mdogo wako akupendaye,
Mumbua