Bia ya Mzee Valiko

Tbilisi, 14 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti halikusumbui sana kwa baridi hii. Mimi sijambo. Ile sosi ya plamu uliyotuma imekwisha siku mbili tu. Wenzangu wa bwenini hawana haya. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Umeniuliza kuhusu filamu yetu ya makala juu ya Mzee Valiko, iliyopata zawadi ya kwanza chuoni. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Mwongozaji, Ucha, unamkumbuka: yule aliyevaa skafu kijijini kwetu mwezi wa Agosti. Siku nne alizokaa kwako aliamka saa nne asubuhi, akaishia kujiita msanii. Kuhariri aliniachia mimi. Wiki tatu nilikodolea macho kompyuta, yeye kajilaza kwenye kochi anatema maganda ya alizeti, ananiambia nikate hapa, nikate pale, nimwache mzee apumue. Kupumua alijua yeye!

Siku ile tulipompiga picha, Mzee Valiko aliinua glasi mara mbili mbele ya kamera. Kwanza ndani ya ghala la mitungi, kwa divai, akiwa amesimama, kwa ajili ya marehemu kaka yake Shota. Alisema miaka kumi na mmoja hawakusalimiana kwa sababu ya mstari mmoja wa mizabibu, na kwamba kosa lilikuwa lake. Baadaye mchana, vijana wakammiminia bia, naye akaiinua kwa askari wa barabarani, watu wakacheka hadi machozi. Kwetu Georgia hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba bia huinuliwa kwa mtu unayemtakia mabaya.

Kwenye filamu, mama, sauti ni ile ya kumkumbuka Shota, lakini mkononi mwa mzee kuna bia. Masharubu yamemfunika mdomo, hivyo maneno yamekaa sawasawa. Nilimwambia Ucha picha ya divai imeharibika. Akatazama ile ya bia, akasema poa, weka, macho yake yana huzuni. Kazaliwa Tbilisi, kalelewa Tbilisi, na povu lote lile hakuliona!

Nilingoja walimu wamchane. Badala yake Mwalimu Lamara, mkuu wa idara yetu, alifuta miwani, akasema hajapata kuona ujasiri wa namna ile, mzee kumlaani ndugu yake kwa maneno matamu. Ucha akajibu kwamba naam, hilo lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Wakampigia makofi. Wasomi wazima, mama, na vyeo vyao.

Halafu ikaja barua yako, kwamba Jumapili filamu itaonyeshwa ukumbini mwa shule yetu, na kwamba Mzee Valiko amemwalika Nora, mjane wa Shota, akae kando yake. Umesema anataka ayasikie yale aliyoshindwa kumwambia usoni. Niliisoma nimesimama, nikakaa.

Nilimfuata Ucha, nikamwomba dakika kumi tu za kurekebisha. Aliniambia nisimtie wazimu, bia ndiyo iliyotupa zawadi, na nikigusa filamu yake atahakikisha nafukuzwa chuo. Mwalimu Lamara naye alicheka, akasema wanakijiji hawataelewa hata hivyo.

Sasa nikwambie nilichowaficha wote. Picha ya divai haikuharibika. Ni safi, hata machozi ya mzee yanaonekana. Niliificha makusudi, nikaweka bia, nikitaka Ucha aaibike mbele ya walimu. Nilimdharau sana hata nikamfanya Mzee Valiko kitambaa cha kumpakia matope. Kwa hilo sina wa kumcheka ila mimi.

Nakuja Jumamosi na nakala yangu, yenye divai. Wakinifukuza, wanifukuze. Mwambie mzee anyooshe suti yake, na Nora asikose. Lakini usimwambie kwamba Tbilisi imeshamwona akimlaani kaka yake na ikampigia makofi. Hilo nitamwambia mimi, kabla hajakaa.

Nakubusu mikono. Msalimie jirani Nora, ukiweza kumtazama, mimi bado siwezi.

Binti yako,
Eteri