Mwambie Anisubiri

Mpanda,
14 Desemba 1997

Kwa dada yangu Chausiku,

Assalaam aleikum, na shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kisarawe, pamoja na shemeji na watoto. Kwa kawaida hapa ningeuliza hali ya baba kisha nikaendelea na mengine. Leo kalamu inasita, maana sijui hata niulizeje. Mimi mwilini ni mzima, ila moyo hautulii.

Mlinicheka sana niliposema nakwenda kutalii. Shemeji aliuliza tangu lini Mzaramo akapanda treni siku tatu kwenda kutazama kiboko. Wewe hukucheka. Ulisema, "Nenda, mwaka na nusu umembeba baba kutoka kitandani kwenda chooni na hospitali, sasa ni zamu yangu." Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Manyanda, yule Msukuma niliyekuwa naye JKT, alinipokea stesheni. Hapa Mpanda anauza mpunga, na wazazi wake wanafuga ng'ombe huko Usevya, bondeni Mpimbwe. Wazaramo na Wasukuma unatujua, ni watani, na kwa watani hakuna adabu. Tangu nishuke hakuniita kwa jina langu. Mimi ni Mzaramo tu, mtu wa ngoma na nazi, jembe silijui mpini uko wapi. Nami nikawaambia majirani kwamba yeye akiamka humsalimia ng'ombe kwanza, ndipo amkumbuke mkewe Monika. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Alinipeleka bondeni kwa lori la mpunga. Katavi nilikuta viboko kwenye dimbwi moja wamelaliana kama magunia ghalani. Askari wa hifadhi alisema nimekuja wakati mbaya, kiangazi ndipo wanapojaa, lakini mimi wale walinitosha. Usevya nilikula wali kwa maziwa ya mgando, kitu ambacho mama angekiita uchawi. Nikalala usiku mzima bila mtu kuniita, kwa mara ya kwanza tangu baba apooze.

Halafu nikataka kuliona na ziwa. Ijumaa tarehe tano, asubuhi, nilipanda lori la kwenda Karema nikakaa juu ya magunia. Gari limekwisha kuwashwa, nikamwona Manyanda anakuja mbio kutoka upande wa posta. Akasimama pale chini, akaita, "Wewe Mzaramo, shuka. Baba yako anakata roho, na minazi yake narithi mimi."

Abiria wakaangua kicheko. Nami nikamjibu kwa juu, "Mwambie anisubiri, namletea migebuka." Lori likaondoka.

Mila unaijua, dada. Habari nzito hupewa mtani aifikishe, naye huitia mzaha ili isimwangukie mtu yote kwa mara moja. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayekuua kwa mdomo kila siku. Asubuhi ileile, tukinywa chai, Manyanda alikuwa ameshanizika na kuzigawa suruali zangu.

Karema ni pwani kama pwani yetu, ina mawimbi na mchanga, ila nilipoyaonja maji hayakuwa na chumvi, wavuvi wakanicheka. Ng'ambo unaona milima ya Kongo. Nilikaa siku tatu nikila migebuka, wale samaki wa ziwani, na kulala mchangani. Wakati wa kurudi mvua ikatushika, lori likazama kwenye tope, tukalala njiani siku nne tukila mihogo ya watu.

Nilifika Mpanda juzi. Monika alinikalisha chini akanieleza bila utani wowote. Telegramu yako ilifika ile Ijumaa, kwamba baba hajiwezi, anamtaja Kasimu, Kasimu aje. Treni iliondoka jioni yake, na ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mvua hizi zimekata reli kabla ya Kaliua, njia ya Sumbawanga malori yamezama, na posta wanasema simu hazipiti. Kuna ndege ndogo ya wamisionari inayokwenda Tabora kesho. Nilimwomba sista mmoja nafasi, hata ya kuchuchumaa. Akasema iliyobaki moja ni ya mama aliyeshindwa kujifungua. Ningebishana naye nini? Barua hii ndiyo itakayopanda. Mimi nabaki hapa, nasikiliza mvua juu ya bati.

Manyanda hali chakula. Anasema ulimi wake ndio ulioniponza, angesema kama watu wengine wanavyosema. Jana alileta kondoo kutoka kwao, akaniomba radhi mbele ya majirani. Wote wakaniangalia. Nikampa mkono, nikasema yamekwisha.

Dada, Manyanda hana kosa. Pale chini alikuwa na karatasi ya telegramu mkononi, ameinyoosha juu ili niipokee, na uso wake haukuwa na utani hata kidogo. Niliviona vyote viwili. Yeye anadhani sikuona. Ningegonga bodi la lori mara moja tu, dereva angesimama. Lakini nilikifikiria kile chumba, na ile harufu ya dawa, na kuitwa saa nane za usiku kumgeuza, nikataka siku chache zaidi. Mzaha ulikuwa tayari, watu walishacheka, nikajificha humo. Na nilipoingia kuoga ziwani nilifurahi. Hilo ndilo linaloniua.

Manyanda sijamwambia. Nimeshindwa. Sasa hivi yuko mlangoni na mwavuli, ananisubiri nimalize aipeleke barua kwa sista kabla giza halijaingia, na hajui anabeba nini.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama mdogo pia. Kama baba bado yupo, msomee mpaka pale penye viboko, kisha uikunje. Kama hayupo, niandikie wewe mwenyewe, kwa maneno makavu, usimtume mtani.

Ni mimi mdogo wako,
Kasimu