Viazi vya Makandi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimemaliza kusahihisha miradi ya Kilimo, Gredi ya Tisa. Kusahihisha! Ni kutazama picha kwenye simu mpaka macho yaume. Picha ya kupanda, picha ya kupalilia, picha ya mmea ulivyo sasa. Makandi, yule mpole wa karibu na dirisha, ametuma viazi vilivyoshikwa na mikono ya mzungu. Na glavu juu! Nani huvaa glavu shambani katika Kibirichia yetu hii? Nilicheka, halafu nikakasirika. Nimempa moja, alama ya chini kabisa, na nimeshaituma. Akome kuiba picha za mtandaoni.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwita Makandi stafurumu, mezani kwangu. Hakulia. Amesema shosho wake ana simu ya kabambe tu, haina kamera, kwa hivyo picha alitafutiwa na mtu wa saiba, yule wa kompyuta za kukodi, kule Meru mjini.

"Nilifikiria ni picha mnataka, mwalimu."

Nikamuuliza, na viazi vyenyewe? Akasema viko, vinakua.

Nimemkumbuka mwalimu wangu wa Kilimo kule Embu, Mbogo. Alikuja na gambuti zake, akasimama kwenye tuta lako, akakuuliza maswali ukiwa na jembe mkononi. Huwezi kumdanganya. Mimi tangu Januari sijakanyaga shamba la mwanafunzi hata mmoja. Naona haya kuyaandika haya.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefika kwao. Matuta manne nyuma ya jikoni, majani mazito, hata doa moja la ugonjwa hakuna. Nyanya yake Kajuju, huyo shosho mwenye kabambe, alinipa kiti. Sikukaa. Nikamuuliza Makandi chini ya shina lile kuna nini.

Akapiga magoti, akaingiza mkono udongoni taratibu, akafumba macho.

"Huyu ako na waru saba. Mbili zimekua, hizo zingine tuziache."

Akatoa viazi viwili, akarudishia udongo. Mmea haukutikisika.

Mama yangu alikuwa akitoa viazi vya mchana hivyo hivyo! Mvua bado inanyesha, shamba halijakomaa, na sisi tunakula. Alikuwa akishika mkono wangu huko chini na kuuongoza — hiki acha, hiki chukua. Hakuniambia ni somo. Leo nimemkumbuka sana.

Nikajaribu na mimi. Mkono umesahau. Nilisikia mzizi wa kiazi ukikatika, tap. Kajuju akacheka, akasema mwalimu amezoea kalamu. Makandi alinifunikia udongo. Katika yote aliyonionyesha leo, sioni hata moja nililomfundisha mimi.

Ijumaa, 18 Julai

Riungu, mwalimu mkuu, ametangaza kwenye paredi ya asubuhi: system ya alama inafungwa saa kumi na moja jioni, na ikifungwa imefungwa.

Saa kumi na robo. Nimemwita Makandi aone nikibadilisha ile moja yake. Nimeweka nane, ya juu kabisa. System imekataa — lazima nichague sababu ya kubadilisha. Ziko tatu. Hitilafu ya mtandao. Mwanafunzi alichelewa kutuma kazi. Mwanafunzi alirudia kazi.

Nimetafuta ya mwalimu kukosea. Nimeshuka hadi chini, nimepanda tena. Haipo. Wala hakuna nafasi ya kuandika.

Nimemfuata Riungu. Hakuinua hata kichwa. Akasema finya ya kwanza, madam, wote tunafinya hiyo.

Nikarudi, nikaweka kidole juu ya hiyo ya kwanza. Makandi alikuwa anasoma begani kwangu.

"Lakini mwalimu, siku hiyo network ilikuwa sawa."

Hakusema kwa ubaya. Anangoja tu, mikono mgongoni, kama nilivyomfundisha kungoja. Nimeweka simu mezani, nimeshika kalamu hii. Zimebaki dakika kumi na nane, na bado naandika hapa.