Nafasi ya Demetria Garini

Buguruni, 4 Agosti 1954

Mume wangu Theonest,

Nimekipaka chokaa chumba chako. Daktari asema moyo wako hautaistahimili safari ya gari la moshi toka Mwanza bila muuguzi. Kumchagua Demetria, aliyekuwa mchumba wako, huenda ni busara. Huenda mgonjwa ni mimi.

Juzi nilimwekea nafasi katika behewa la wanawake. Kisha nikawaza: ukibanwa kifua njiani, nani atakupa dawa? Leo nimerudi stesheni kuomba awekwe chumba kimoja nawe garini. Karani akacheka.

“Mwalimu, chumba kimoja ni cha mtu na mkewe tu.”

“Basi andika mkewe.”

Akaandika. Mwambie asisahau vidonge vyako, wala asilizoee jina hilo.

Ninayekungoja kwa hofu mbili,
Genoveva