Kapita Amekula

Papa,

Kapita amekula. Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya Mama, kabla ya depo yako ya maharagwe, kabla yangu mimi. Usibishe. Amekula leo mchana, akalamba sahani hadi ikasogea mpaka ukutani, kisha akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Tangu tulipokuzika, paka wako aligoma. Siku za matanga tulimtupia mifupa ya mbuzi yenye mchuzi wa pilipili. Akainusa, akaenda zake kulala juu ya magunia ya maharagwe. Mama akasema huyu ni mfiwa kama sisi, apewe chakula cha wageni. Akampikia makayabu, Papa! Samaki wa chumvi ambaye sisi wenyewe tunamwonja Noeli tu. Kapita akala kidogo kwa heshima, akashinda kwenye ndoo ya maji, akatapika juu ya viatu vya pasta. Nikamletea maziwa kutoka kwa wafugaji wa njia ya Irumu, nayo yakamharisha. Akabaki ngozi na macho.

Dada yako hakusaidia. Unamjua Shangazi, hajawahi kunong'ona. Alisema mbele ya watu wote: “Muache. Paka ya mufu inafuata mufu.”

Mama akainamisha kichwa. Mimi nikawaka. Yule paka ndiye pekee nyumbani aliyekuwa bado anakwenda mlangoni saa ya wewe kurudi, anakaa, anangoja. Angekufa, ningekuzika mara ya pili, na sikuwa na nguvu hizo. Nikamjibu Shangazi kwamba Kapita hafuati mtu. Mama alinikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kilichotuponza ni aibu yetu wenyewe. Kwetu mwanaume haingii jikoni. Wewe uliingia, tena kwa ajili ya paka! Kila siku kabla Mama hajateleka chungu, ulipita na kopo lako la maziwa ya unga, ulilompikia humo, na sisi wanawake tukakimbilia uani, khanga mdomoni, tunacheka, ili majirani wasije wakasema tulikutazama ukipika. “Mucheke tu,” ulikuwa unasema, ukijiita mke wa paka, “Kapita iko na bibi yake, ni mimi.” Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyechungulia ndani ya lile kopo.

Basi nikakaa deponi nikawaza. Ikanijia sala ya jioni: mimi kando yako, wewe na kitabu cha nyimbo, na vidole vyako vinanuka samaki. Samaki gani? Si wa moshi, huyo namjua. Si makayabu. Hapakuwa na harufu ya kitunguu wala ya mafuta ya mawese. Ni samaki mbichi wa ziwa, aliyechemshwa kwa maji matupu. Na kwa nini vidole, si kijiko? Ulikuwa unatoa miiba! Papa, nilisimama peke yangu kati ya magunia nikapiga makofi.

Asubuhi hii lori la Kasenyi, kule ziwani, liliposhusha samaki, nilikuwa mbele ya wote. Nilichemsha bila chumvi, nikachambua mwiba mmoja mmoja, nikavunjavunja bugali kidogo ndani, nikapepea mpaka chakula kikapoa. Kapita alikuja polepole. Alinusa mkono wangu kwanza, kisha sahani. Halafu akainamisha kichwa na hakukiinua tena.

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amezaa. Shangazi naye akatoka, unga mikononi, na mimi sikumwonea huruma. Nikamwuliza kwa sauti kama yake, huyu ndiye anayefuata mfu? Ungefurahi kuniona, Papa. Nilikuwa nimeshika kiuno kabisa.

Shangazi alimtazama paka, akanitazama mimi. Akaingia jikoni, akachukua samaki aliyebaki, akamtia chumvi, akakata bugali, akaniwekea mbele.

“Sasa ni weye,” akasema. “Toka tulizika kaka yangu, haukulaka. Niko naona.”

Sikujua kama kuna mtu aliyekuwa anaona. Nilidhani nazungusha tonge vizuri, nawadanganya wote. Nikakaa chini kando ya Kapita nikala, machozi na makamasi pamoja, nikaomba sahani nyingine, na Shangazi akaniongezea.

Nenda salama sasa, Papa, usigeuke nyuma kwa ajili yetu. Mlango wa jikoni nimeuacha wazi, anayetaka kuchungulia achungulie. Nakuahidi Kapita hatalala njaa katika nyumba hii. Na mimi pia sitalala njaa.

Binti yako,
Masika