Mito Miwili na Mzigo wa Majani

Makumira, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na huko Muheza mvua imeshanyesha? Mimi na mimba yangu ya miezi sita tunaendelea vizuri, ingawa kwenye simu nilikudanganya niliposema siumwi. Shingo imeniuma mwezi mzima, hadi mtu akiniita nilikuwa nageuka mwili wote.

Niliogopa kusema. Nilipoolewa huku nilimsikia jirani akimwambia mama mkwe kwamba wasichana wa Tanga wanajua kupika tu, kazi za ng'ombe hawaziwezi. Basi nikajitia ushujaa. Mchana kutwa nimeinamia cherehani, jioni napanda mlima na mzigo wa majani kichwani. Hakuna aliyenituma.

Jumanne mama mkwe alinisindikiza kliniki. Nesi akanipima presha, akaikuta nzuri, na nilipomweleza habari ya shingo akataka nimwonyeshe ninavyokaa nikishona. Akauliza nalalia nini, nikasema mito miwili, wa dukani na ule wa sufi ulionishonea wewe. Akacheka, akasema mmoja unatosha, cherehani iinuliwe, na niwe nasimama mara kwa mara nijinyooshe. Halafu akauliza huwa nabeba nini. Nikamtupia jicho mama mkwe, aliyekuwa amekaa kando yangu. Nilipotaja majani, machozi yakanitoka.

Njia nzima nilisubiri lawama. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi nilidhani unapenda kwenda kukata majani. Hawa ng'ombe walikuwepo kabla yako, na watakula. Wewe nimekupata mara moja tu."

Mama, nililia upya.

Sasa cherehani iko juu ya matofali, na majani anabeba mume wangu. Siku ya pili tu akaanza kulalamika shingo, mama yake akamwuliza mimba yake ina miezi mingapi. Hata yule jirani alicheka.

Nisalimie dada na wanawe, na mjomba fundi baiskeli, mwambie sijasahau utani wake.

Nilikuwa nasahau habari ya mito. Mama mkwe alipokuja kunitandikia aliuliza auondoe upi. Nikampa wa dukani. Wako nimebaki nao, bado una harufu ya nyumbani, na shingo inapona.

Mwanao akupendaye,
Rehema